Amekula Mateke

Kabla sijasema lolote, naomba mmoja wenu aondoe kile chungu dirishani. Ndiyo, kile chenye majani mapana ya madoa meupe, mlichokipanguza vumbi asubuhi ili mgeni wenu akute ukumbi unapendeza. Unapendeza, sikatai. Kiwekeni juu ya kabati, mkanawe mikono kwa sabuni, ndipo mle hizo biskuti. Nimestaafu ukalimani, lakini macho yangu hayajastaafu. Kila chumba cha kusubiri ninachoingia hapa Brussels, kwa daktari wa meno, benki, ofisi ya mtaa, namkuta adui yuleyule ameketi konani, anamwagiliwa maji na kusifiwa.

Mnaniangalia kana kwamba bibi amechanganyikiwa. Mlinialika hapa Flagey niwaeleze kazi ya kutafsiri hospitalini, nami naanza na maua. Vumilieni. Kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya katika kazi hii lilikuwa na majani na mizizi, na lilitoka kinywani mwangu mimi, Salome, mwalimu wa Kiswahili wa zamani kutoka Moshi, niliyedhani lugha hii nimeimaliza.

Nilianza kazi miaka ile ya elfu mbili na kidogo. Hospitali zilikuwa zinaita mkalimani kwa simu ya mezani, unavaa koti, unapanda tramu, unafika mgonjwa ameshalala. Leo mnatafsiri mmekaa kwenye makochi yenu, mgonjwa anawaona kwenye kioo cha simu, na daktari mvivu anaandika sentensi kwenye programu fulani na kuisomea hewani kwa sauti ya roboti. Juzi mmoja wenu kaniambia, "Bibi, siku hizi simu inajua Kiswahili." Kiswahili cha nani? Hilo ndilo swali, na simu haikuulizi.

Aliyekuwa akiniuliza swali hilo ni tonton Célestin, mzee wa Lubumbashi, mkalimani aliyenitangulia kwa miaka mingi. Alikuwa na suti moja ya kijivu na kikohozi kimoja, vyote viwili alikuja navyo kila siku. Wiki yangu ya kwanza alinisikiliza nikimtafsiria mama mmoja wa Kolwezi, akatikisa kichwa.

"Maman Salome, Swahili yako iko propre sana," akaniambia koridoni. "Haiyakanyaga potopoto hata siku moja."

"Yako imekanyaga tope mpaka imepoteza viatu," nikamjibu.

Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. "Bon. Siku Swahili yako itateleza, utanilomba kiatu."

Halafu akanipa sheria yake, na mimi, kwa kiburi changu cha chaki na ubao, nikaiingiza sikio moja ikatokea la pili. Alisema: muntu akikutajia chakula, muulize inapikwa namna gani, akikutajia ugonjwa, aguse pale inauma, usitafsiri kitu hujakiona. Nilimwona ni mzee anayejichelewesha kazini. Maneno si maneno tu?

Basi sikilizeni jinsi maneno yasivyo maneno tu.

Ilikuwa Jumapili, jua la mchana, watu wametoka kanisani. Niliitwa hospitali moja ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa halikuwa lao. Chumbani nilimkuta mtoto wa kike wa miaka minne, Neema, amekaa mapajani mwa mama yake. Midomo imevimba kama amewekewa maandazi mawili, ulimi umejaa kinywa, mate yanamtiririka mpaka kwenye gauni la kanisani la mama. Alikuwa analia, lakini kilio kilitoka kikiwa na mkwaruzo, kama redio ambayo betri inaisha.

Mama yake, maman Furaha, alikuwa wa Bukavu. Yeye na mtoto walikuwa hawajamaliza mwaka tangu wamfuate baba hapa. Kifaransa chake kilikuwa bado cha sokoni. Baba mwenyewe, papa Déo, alijua Kifaransa vizuri kuliko mimi. Lakini baba alikuwa ameachwa koridoni kwa sababu muuguzi alipomuuliza kilichotokea, aliziba mdomo kwa mkono na kugeuza uso ukutani. Muuguzi akaandika: baba hataki kuongea. Likumbukeni hilo.

Daktari, binti mmoja mpole mwenye macho ya usingizi, akaniambia nimuulize mama kumetokea nini.

"Amekula mateke," mama akasema. "Mutoto amekula mateke, maman! Angalia kinywa yake!"

Nikatafsiri: mtoto amepigwa mateke mdomoni.

Ninyi wa Bukavu na Goma, msicheke bado.

Daktari akaacha kuandika. "Na nani?"

"Nani amempa?" nikauliza.

"Papa yake njo alimupatia."

"Mangapi?"

"Deux. Ya troisième akaikataa, akaanza kulia."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Miye? Nilikuwa ku kanisa! Kama ningekuwa ku nyumba, singeacha. Nilishamuambia, mutoto iko mudogo, amuache!"

"Sasa kwa nini alifanya hivyo?"

Maman Furaha akafuta mate ya mtoto kwa kiganja, akasonya. "Anasema mutoto ya kwetu lazima azobelee."

Lazima azoee. Nikalitafsiri na hilo, neno kwa neno, kwa Kifaransa safi kisicho na tope. Nakumbuka hasira iliyonipanda kifuani. Nilimtazama yule mama nikamwona mwanamke aliyekwisha kuzoea, na nikamhurumia, na huruma yangu ikazidi kunipotosha. Kila swali nililouliza lilikuwa limeshaamua jibu lake.

Daktari akafanya yale ambayo daktari mwema angeyafanya akiambiwa hivyo. Aliagiza picha za taya na shingo, akihofia mfupa umevunjika. Akampigia mtu wa ustawi wa jamii. Akaagiza baba asiingie chumbani. Mtoto akabebwa kwenye kitanda cha magurudumu, mama akikimbia pembeni yake, wakapotelea upande wa eksirei. Mimi nikatumwa koridoni kumwambia baba akae pale pale.

Papa Déo alikuwa ameinama, kitambaa mdomoni. Nikamsomea agizo langu kwa ukali. Akazidi kuinama. Nikasema, "Huna aibu hata ya kunitazama?" Akainua uso, akatoa kitambaa.

Midomo yake nayo ilikuwa imevimba. Mate yalikuwa yanamtoka.

Wazo langu la kwanza, naona haya kulisema, lilikuwa: kumbe na mama naye hupiga! Maman Furaha alikuwa na mabega mapana. Ndivyo akili inavyofanya ikishapanda gari lisilo lake. Kila kituo inachofika inakiona ni cha njia yake.

Akanionyesha kalamu yangu. Nikampa, pamoja na daftari. Akachora sufuria. Ndani ya sufuria akachora vitu vitatu vya mviringo, vyenye nywele nywele, na juu yake jani kubwa lenye umbo la moyo. Chini akaandika, kwa mwandiko wa mtu aliyesoma: *mateke*.

Mimi ni Mchaga. Nimekula magimbi tangu sijaota meno. Nililijua lile jani na kile kiazi kabla hajamaliza kuchora nywele zake.

Haya, chekeni sasa. Kwa ajili ya wenzenu wa Dar es Salaam, ambao naona bado wametoa macho: kule Kivu, mateke ni magimbi. Wa Nairobi, ni nduma. Mama alisema mtoto amekula magimbi. Baba yake ndiye aliyempa. Mawili, la tatu akalikataa. Na mtoto wa kwao lazima azoee chakula cha kwao. Hakuna sentensi hata moja ya mama yule iliyokuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa limevaa koti langu.

Nikamuuliza papa Déo kwa nini hakumwandikia muuguzi. Akachukua kalamu tena: *Nilijua mukalimani iko ndani.*

Alikuwa ametulia koridoni kwa sababu aliniamini.

Nikarudi mbio kwa daktari. Na hapa ndipo penye somo, kwa hiyo acheni kutazama simu. Nikamwambia, "Baba anasema mtoto amekula mmea. Hata yeye amekula."

Daktari akanitazama kwa uchovu wa mtu aliyesikia mengi. "Kwa hiyo wamebadilisha maelezo," akasema.

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Ningesema ndiyo, au ningenyamaza tu, na jina langu lingebaki safi. Wamebadilisha. Wageni hubadilisha maelezo, kila mtu anajua. Daktari angeongeza neno "mmea" kwenye karatasi, huku akiamini mateke, na mtoto angeendelea kulazwa chali akipigwa picha ya mfupa usiovunjika, ulimi ukizidi kujaa kooni. Nilivuta pumzi mbili, pengine tatu. Sijivunii hizo pumzi. Kuna mtoto aliyekuwa anazihitaji kuliko mimi.

"Hapana," nikasema. "Hawajabadilisha. Mama alisema hivi tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekosea neno."

Hakunigombeza. Alikimbia. Nikamfuata na viatu vyangu vya kisigino nikijilaani kwa Kichaga.

Tulimkuta Neema amelazwa chali, fundi wa picha amemshika kichwa kisicheze, mama anamshika miguu. Alikuwa halii tena. Fundi alidhani ametulia. Daktari akaweka sikio karibu na kinywa chake nami nikausikia hata pale niliposimama: mluzi mwembamba, kila anapovuta hewa. Akamkalisha wima upesi, akaita wenzake, hewa ikaja, sindano ikaja, barakoa yenye dawa ya mvuke ikaja. Maman Furaha akanishika mkono.

"Maman, kuko nini? Alikuwa amelala tu!"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, palepale, kwa sababu mtu ana haki ya kujua aliyemponza. Hakunielewa. Nikainua mguu wangu wa kulia nikapiga teke hewani, mbele ya madaktari watatu.

"Hii?" akasema. "Hii njo muko mnaita mateke?" Alicheka kwanza, kicheko kifupi cha kushtuka. Kisha uso ukakunjamana. "Donc ulimuambia docteur bwana yangu anapiga mutoto? Na mutoto yangu wakamulalisha vile sababu ya mudomo yako?"

"Ndiyo."

Akauachia mkono wangu. Ningependelea kofi.

Daktari alikuwa tayari kwenye simu na mtaalamu wa sumu, na mtaalamu alitaka kujua ni mmea gani. Papa Déo akaletwa. Akaeleza kwa kalamu na mikono, nami nikasema maneno, safari hii nikiuliza kila kitu mara mbili. Walikaa Saint-Gilles, ghorofa ya tatu ya nyumba ya zamani iliyokatwa katwa kuwa vyumba vya kupanga. Mpangaji wa chini alihama akaacha chungu kikubwa kwenye ngazi. Papa Déo alipoliona lile jani moyo wake uliruka. Mateke, Ulaya! Akakipandisha juu, akakimwagilia majira yote ya baridi, akakiweka karibu na kipasha joto kama ndama. Jumapili ile chungu kilipasuka, na chini ya udongo akakuta viazi vitatu vidogo. Akavichemsha. Viwili akampa binti, wa kwanza kuonja, kama heshima. Cha tatu mtoto alipokikataa akakitia mdomoni mwenyewe, na papo hapo akahisi sindano elfu, akatema.

Mtaalamu akauliza: kikonyo cha jani, kinaingilia ukingoni au tumboni?

Nikamuuliza papa Déo. Akafungua kiganja chake cha kushoto kiwe jani. "Kwetu," akaninong'oneza kwa ulimi mzito, akaweka kidole nyuma ya kiganja, ndani ya ukingo, kuelekea katikati. Kisha akafikiri kile chungu cha nyumbani. Kidole kikateremka taratibu mpaka kwenye kifundo cha mkono, pale pale ukingoni. Akakiangalia kidole chake. Akakirudisha juu, akakishusha tena. Sijaona mtu akisomewa hukumu na mkono wake mwenyewe isipokuwa siku ile.

Kwa hiyo shikeni kalamu, na msiniandikie mashairi, andikeni hivi. Magimbi ya kweli, jani lake hulegea kuelekea chini, halina mng'aro, maji yakidondoka yanabingirika kama shanga. Ndugu yake wa mapambo, ambaye hapa huitwa sikio la tembo, mara nyingi jani lake hutazama juu, linang'aa kama limepakwa mafuta, na kikonyo hushika ukingoni. Lakini, na hili pigieni mstari, hizo ni dalili za kukutia shaka, si za kukupa ruhusa. Ziko jamii zinazodanganya hata wataalamu. Na wauzaji, wapendwa hao, huita yote sikio la tembo, la kuliwa na la kuua furaha, wakayafunga utepe mwekundu bila hata kikaratasi. Mmea wa sebuleni hauliwi. Kwisha. Hata kama unafanana na shamba la bibi yako.

Yule mwenye madoa meupe, mliyempanguza asubuhi, ni wa ukoo huohuo. Ndani ya jani na shina mna vioo vyembamba kama sindano, vidogo mno kuonekana. Ukitafuna vinajichoma kwenye ulimi na koo. Wako wanaomwita mmea wa bubu, kwa kuwa humnyang'anya mtu sauti. Nilipata kumtafsiria mama mmoja msafisha ofisi aliyepogoa mmea huo mikono mitupu kisha akala mkate wake. Msimamizi alimwambia ameshika pilipili. "Pilipili gani haina harufu, papa?" akamjibu, midomo imemuumuka. Na mwingine aliyejipangusa jicho kwa mkono wenye utomvu ule, huyo hata kuzungumza naye ilibidi nisubiri, maana alikuwa chini ya bomba la maji robo saa nzima, na hiyo ndiyo dawa yake.

Mtoto akitafuna, toeni mabaki mdomoni kwa kitambaa chenye maji, asukutue. Anaweza kumeza bila shida? Mpeni maji baridi kidogo au maziwa. Msimtapishe, kwani kitakachorudi kitachoma njia ileile mara ya pili. Na achaneni na mafuta ya mawese! Kila wiki nilikutana na shangazi aliyeshauri mafuta ya mawese kwa simu kutoka Uvira. Pigieni watu wa kituo cha sumu, wapo, wanajibu. Sauti ikikwaruza, mate yakimshinda, pumzi ikipiga mluzi, hapo ni gari la wagonjwa bila mjadala, akae wima, na kipande cha mmea mkitie kwenye mfuko mwende nacho. Wengi hupona kwa siku chache. Nasema wengi ili msitishike. Sisemi wote ili msizembee.

Neema alipona. Alilala hospitali siku mbili na ya tatu akaomba ndizi. Siku ya kuruhusiwa nilikwenda bila kuitwa. Papa Déo, ulimi umemrudia, alinipa mkono. "Maman, Swahili ya Tanzanie inapiga batu," akasema, tukacheka kidogo. Maman Furaha alikuwa anafunga zipu ya koti la mtoto. Hakucheka. Alisema, "Ile kitu uliandikisha, sasa uitoshe."

Nikaenda kuitoa. Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho tonton Célestin hakuniambia, au aliniambia sikusikia. Nilipanda ofisi baada ya ofisi. Niliandika barua, nikatia sahihi kwamba kosa ni langu. Yule daktari mwema aliandika na yake. Wote walinielewa, wote walikuwa na adabu, na wote walinijibu jambo lilelile kwa miezi mingi: kwenye faili la mgonjwa hatufuti, tunaongeza. Wakati huo huo mtu wa ustawi wa jamii alikuwa anakwenda Saint-Gilles kuketi kwenye kochi la papa Déo na kumtazama akimlisha binti yake, mpaka naye akaridhika, akafunga daftari. Lakini mstari haukufutwa.

Nimeuona. Nilisisitiza mpaka nikaonyeshwa, mama akiwa pembeni yangu. Juu: *mtoto amepigwa mateke na baba yake, mara mbili, baba anasema lazima azoee.* Chini yake, kwa wino wa siku ileile: *kosa la mkalimani, mtoto amekula mmea wa mapambo.* Maman Furaha aliniomba nimsomee kwa Swahili. Nikamsomea, mstari wa kwanza na wa pili. Akaniuliza kama wa pili hauwezi kuwekwa juu. Nikaenda kuuliza na hilo. Hauwezi.

Neema sasa anakaribia umri wa kwenda mwenyewe kaunta na kuomba faili lake, kama wafanyavyo vijana wa hapa. Atasoma kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa ndivyo watu wanavyosoma. Na kwa mstari mzima, kabla jicho halijashuka, baba yake atakuwa anampiga.